Mirihi imejaa hewa ukaa, mbona inaganda?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, Iringa, nafundisha kidato cha tatu. Juzi tukiwa kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, kitabu kinasema angahewa ya Mirihi ni hewa ukaa asilimia 95, na huko ni baridi ya kugandisha. Kwetu haifiki hata asilimia moja. Sasa inatupashaje joto?" Nikamwambia nitamjibu kipindi kijacho. Jioni nikamuuliza shemeji yangu, ni fundi wa majokofu, akasema hewa ukaa haihusiki kabisa, sayari ya Zuhura ina moto kwa sababu ya mgandamizo mkubwa na kuwa karibu na jua. Nimjibu nini mtoto huyu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hujamjibu, mpongeze huyo mwanafunzi mbele ya wenzake. Swali lake nimelisikia kwa watu wazima wenye shahada zao, na mara nyingi aliyetakiwa kulijibu alilikwepa au alitoa nusu ya jibu. Mimi naomba umpe jibu zima, hata likila kipindi chote. Mtoto aliyefika hapo kwa akili yake mwenyewe ana haki ya kufikishwa mwisho wa njia.

Tuanze na hizo asilimia. Ni kweli angahewa ya Mirihi ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, asilimia 95, na ya Zuhura ni asilimia 96 na nusu. Yetu ni asilimia 0.04 hivi, yaani molekuli nne katika kila elfu kumi. Lakini asilimia inakueleza mchanganyiko, haikuelezi kiasi. Ukilala Makete mwezi wa saba umejifunika kanga moja ya pamba tupu, asilimia mia kwa mia, utatetemeka mpaka alfajiri. Mwenzako mwenye blanketi zito la nyuzi za kuchanganya, ambalo pamba yake ni robo tu, atalala fofofo. Ukiwauliza asubuhi nani alikuwa na pamba nyingi kwa asilimia, ni wewe uliyetetemeka.

Mirihi imejifunika kanga. Julai 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita nyuma ya sayari hiyo, na mawimbi yake ya redio yakapenya pembezoni mwa angahewa yake kabla ya kutufikia. Kwa jinsi mawimbi yalivyopindishwa, wanasayansi wakapima mgandamizo wa hewa ya huko: ni chini ya sehemu moja ya mia ya mgandamizo wetu. Kwa wastani ni milibari 6 hivi, wakati sisi kwenye usawa wa bahari tuna milibari 1,013.

Majibu mengi yanaishia hapo: hewa ya Mirihi ni nyepesi, basi. Mimi ningekuwa mwanafunzi wako ningekwenda nyumbani kupiga hesabu, na hesabu ingenirudisha kwako na swali gumu zaidi. Chukua mita moja ya mraba ya ardhi, mahali pa kutandika mkeka mdogo. Pima uzito wa hewa ukaa yote iliyosimama juu ya mkeka huo mpaka mwisho wa angahewa. Duniani utapata kama kilo 6 na nusu. Mirihi, pamoja na wepesi wote wa hewa yake, utapata karibu kilo 160. Zuhura utapata takriban tani 1,000, sawa na shehena za semitrela zaidi ya thelathini zikipangwa zote juu ya mkeka mmoja.

Umeona? Juu ya kila mkeka, Mirihi ina hewa ukaa zaidi ya mara ishirini ya tuliyo nayo sisi, na bado inaambulia nyongeza ndogo ya joto, nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Sisi angahewa yetu inatuongezea nyuzi 33. Anayekwambia "Mirihi ina hewa ukaa kidogo" amekosea. Inayo nyingi, ila haifanyi kazi sawasawa, na kuna sababu.

Hewa ukaa hainasi kila aina ya mwale. Mwanga wa jua unapita ndani yake kana kwamba hewa ukaa haipo. Inachonasa ni miale ya joto isiyoonekana, ile inayotoka kwenye ardhi, maji na miili yetu, nayo inainasa kwa kuchagua: mawimbi yenye urefu fulani tu, hasa yale ya karibu na maikromita 15 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo yanaendana na jinsi molekuli yake inavyojikunja na kujikunjua. Ukiangalia kwa undani, hata hapo karibu na 15 haifungi eneo lote. Inafunga mistari myembamba mingi sana, na katikati ya mstari mmoja na mwingine kuna mapengo.

Fikiria jarife la kuvulia. Kwenye hewa nyepesi ya Mirihi, kamba za jarife ni nene kweli, lakini matundu ni makubwa. Ukiongeza kamba nyingine juu ya kamba zilezile hujaziba kitu, dagaa wanaendelea kupita. Huku kwetu molekuli za hewa ukaa zinasukumwa na kugongwa bila kupumzika na naitrojeni na oksijeni. Kila mgongano unatanua kidogo ile mistari, inasogeleana, na matundu yanaziba. Naitrojeni na oksijeni zenyewe hazinasi miale ya joto kwa kiasi cha kutajwa, lakini kwa kugonga tu zinaifanya hewa ukaa yetu chache ifanye kazi kubwa. Mgandamizo wetu ni zaidi ya mara 150 ya ule wa Mirihi, na hiyo ndiyo tofauti ya matundu.

Halafu juu ya jarife hilo sisi tumetandaza la pili: mvuke wa maji. Mvuke ndio unaobeba karibu nusu ya kazi yote ya kutuhifadhia joto, mawingu yanabeba kama robo, na hewa ukaa kama moja ya tano. Mirihi ni kavu. Maji yake yameganda ncha za kaskazini na kusini na chini ya ardhi, hewani hamna kitu. Tena iko mbali, inapokea asilimia 43 tu ya mwanga wa jua tunaoupokea sisi, na ardhi yenye baridi hutoa miale michache ya kunasa. Ndiyo maana wastani wa joto lake unazunguka nyuzi 60 chini ya sifuri. Mchana kwenye ikweta yake panaweza kufika nyuzi 20, hali ya hewa ya Iringa kabisa, lakini jua likizama joto linaporomoka mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri na zaidi, kwa sababu hakuna cha kulizuia.

Jambo hilo la usiku nalijua kwa vidole vyangu. Nilipokuwa kijana nilipangiwa zamu za usiku kwenye kituo kimoja cha hali ya hewa huko nyanda za juu. Kazi ilikuwa kutoka na tochi kila saa, kufungua kibanda cheupe cha vipimo, kusoma kipimajoto na kuandika, kisha kuinua macho na kukadiria mawingu. Mwezi wa sita, usiku wa mawingu, nilikuwa nasoma nyuzi 11, saa inayofuata 11, inayofuata 10 na nusu. Usiku wa nyota tupu nilikuwa naiona zebaki ikishuka kila nikitoka, na alfajiri majani ya viazi mviringo nyuma ya uzio yalikuwa meupe kwa sakitu. Jua la mchana lilikuwa lilelile, ardhi ileile, upepo haukuvuma. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa juu ya kichwa changu. Watu wa pwani nao wanalijua bila kufundishwa: usiku wa Tanga wenye unyevu mwingi hauna baridi kama usiku mkavu wa Dodoma.

Sasa tuje kwa shemeji. Hoja yake ya ukaribu wa jua inafaa kupimwa kwa namba. Zuhura kweli inapigwa na mwanga karibu mara mbili ya ule unaotupiga sisi. Lakini imezungukwa na mawingu mazito ya tindikali ya salfa, meupe, ambayo yanarudisha angani kama robo tatu ya mwanga huo. Ukigawanya kwa uso wote wa sayari, usiku na mchana, Dunia inabaki na wati 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Ni kama kuwasha taa nne za zamani za wati 60 juu ya ule mkeka wetu. Zuhura inabaki na wati 150 hivi, taa mbili na nusu. Sayari yenye moto kuliko zote inabakiwa na jua kidogo kuliko sisi! Kama ingetegemea jua peke yake, ingekuwa na wastani wa nyuzi 40 na kitu chini ya sifuri. Badala yake ardhi yake ni nyuzi 464, inatosha kuyeyusha risasi.

Ilinganishe Zuhura pia na sayari ya Utaridi. Hiyo iko karibu na jua kuliko Zuhura, karibu nusu ya umbali, na haina angahewa ya kutajwa. Mchana wake unafika nyuzi 430, usiku unashuka mpaka 180 chini ya sifuri. Zuhura usiku wake, ambao unadumu kama siku 58 za kwetu, hauna nafuu yoyote, moto ni uleule. Ukaribu na jua hauwezi kueleza usiku wa namna hiyo.

Kuhusu mgandamizo, mwambie shemeji akumbuke karakana yake. Kompresa ikibana gesi, gesi inapata moto, hilo anaishi nalo kila siku. Lakini gesi ile ikipita kwenye mabomba ya nyuma ya jokofu inautoa ule moto kwenye hewa ya jikoni, na inabaki imebanwa vilevile. Kubana kunaleta joto wakati wa kubana tu. Baada ya hapo joto linatafuta njia ya kutoka. Mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa, ule mwekundu unaotundikwa ukutani, ndani yake kuna mgandamizo wa zaidi ya mara 50 wa hewa tunayovuta, nusu ya ule wa ardhi ya Zuhura na zaidi. Uguse: una joto la chumba. Umekaa pale miaka, moto wa siku uliposhindiliwa ulishatoka zamani. Angahewa ya Zuhura imebanwa kwa mabilioni ya miaka. Kama miale ya joto ingekuwa na njia ya wazi ya kutoka ardhini mpaka angani, sayari ile ingekuwa imepoa kitambo, hata ikiwa na mgandamizo wake wote wa mara 92 ya wetu.

Ila usimvunje moyo, maana shemeji amegusa kitu cha kweli. Angahewa nene ina kazi yake kwenye hesabu hii, na nikikueleza kazi hiyo utakuwa umepata kiini cha jambo lote.

Joto la sayari haliondoki ardhini moja kwa moja kwenda angani. Mwale wa joto ukitoka ardhini, kwenye yale mawimbi ambayo hewa ukaa inayanasa vizuri, unamezwa ndani ya mita chache tu. Hewa iliyoumeza inapata joto, nayo inatoa miale yake, mingine kwenda juu, mingine kurudi chini. Inamezwa tena, inatolewa tena, hatua kwa hatua, mpaka ifike kimo ambako hewa iliyobaki juu imekuwa chache kiasi cha kuiachia ipite. Kutoka kimo hicho ndipo joto linaondoka kweli. Mimi huwa nakiita mlango wa joto, na ukikishika hicho umeshika yote.

Sasa, mlango huo uko juu, na juu kuna baridi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro anajua: unaondoka Moshi na shati la mikono mifupi, Kibo unafika na koti mbili na pua haina hisia. Kwa wastani duniani hewa inapoa nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita unayopanda, kwa sababu hewa inayopanda inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Mlango wetu wa joto, kwa wastani, uko kama kilomita 5 juu. Hapo hewa ina nyuzi 18 chini ya sifuri, na nyuzi hizo ndizo zinazotosha kurudisha angani zile wati 240. Shuka kilomita 5, ongeza nyuzi 6 na nusu kwa kila moja, unafika ardhini kwenye nyuzi 15. Ndizo zile nyuzi 33 nilizotaja mwanzo.

Zuhura mlango umesukumwa juu mno, kama kilomita 65, juu kabisa ya mawingu. Hapo pana baridi, nyuzi makumi kadhaa chini ya sifuri. Lakini ardhi iko kilomita 65 chini, na kila kilomita unayoshuka unaongeza nyuzi 7 hadi 8. Piga hesabu hiyo ubaoni pamoja na darasa, mtaona wenyewe namba inavyokwenda kwenye mia nne na kitu. Mirihi mlango uko karibu na ardhi, hivyo ardhi na mlango vinakaribiana kwa joto. Unene wa angahewa ndio unaotoa nafasi ya kupandisha mlango, na hapo shemeji yuko sahihi. Ila mkono unaoupandisha ni gesi zinazonasa miale: hewa ukaa kwanza, na huko Zuhura zinaisaidia pia yale mawingu ya tindikali, mvuke kidogo na gesi ya salfa. Angahewa ya naitrojeni tupu yenye unene uleule isingekuwa na kazi kama hiyo.

Haya hatuyajui kwa hesabu peke yake. Desemba 1962 chombo Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na kuthibitisha kuwa joto kali linatoka chini, si juu. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo cha Wasovieti, Venera 7, kilitua na kutuma joto la huko, nyuzi 475 hivi, kwa dakika 23 kwa sauti hafifu. Machi 1982 Venera 13 ilivumilia dakika 127 kabla ya kunyamaza, baada ya kupiga picha za rangi za mawe ya bapa chini ya anga ya rangi ya chungwa. Mwanga unaofika pale chini ni mdogo, kama wa siku ya mawingu mazito. Kila nikizitazama picha zile nakumbuka kwamba Zuhura na Dunia ni karibu mapacha kwa ukubwa na uzito, na kwamba kaboni zao, kwa makadirio, ni karibu sawa.

Ndiyo, karibu sawa. Mwanafunzi wako akishaelewa hapo kwingine, mpeleke hapa, maana ndipo panaponigusa mimi zaidi. Hewa ukaa ya Dunia iko wapi? Imo kwenye mawe. Nenda Mji Mkongwe Unguja, au Lamu, au magofu ya Kilwa Kisiwani, papasa ukuta. Yale mawe ya matumbawe yamefunga kaboni iliyokuwa hewani. Mvua inaokota hewa ukaa na kuwa tindikali hafifu, inamung'unya miamba, mito inabeba chumvi zake mpaka baharini, na viumbe vya bahari vinajenga magamba na matumbawe, vinakufa, vinarundikana, vinakuwa chokaa. Wachoma chokaa wa pwani wanaurudisha mzunguko nyuma kwa saa chache: wanapanga magogo ya mikoko na minazi, wanarundika matumbawe juu, wanawasha. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, unabaki na kilo 56. Kilo 44 hazikupotea, zimepaa kama hewa ukaa. Viwanda vya saruji vya Wazo Hill, Tanga na Bamburi vinafanya hivyohivyo kwa kiwango cha milima.

Volkano nazo zinarudisha. Sisi wa Bonde la Ufa tunakaa juu ya bomba hilo. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ni volkano pekee duniani iliyo hai inayomwaga lava ya kaboneti, nyeusi na nyepesi kama tope. Kule Goma, chini ya Nyiragongo, hewa ukaa inatoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Wenyeji wanayaita mazuku, na wanajua kutopeleka mbuzi wala watoto humo asubuhi yenye utulivu, maana mnyama anaingia mzima na kulala palepale.

Duniani, basi, kaboni inatoka na inarudi, na mvua ndiyo inayoirudisha. Zuhura mvua ilikatika, au pengine haikuwahi kunyesha kabisa. Iko karibu na jua kiasi kwamba maji yake yalikaa hewani kama mvuke, mvuke ukaongeza joto, miale mikali ya jua ikauvunjavunja huko juu, na hidrojeni ikatorokea angani. Chombo cha Pioneer Venus, mwaka 1978, kilipima alama za utoro huo: hidrojeni nzito, ile isiyokimbia kwa urahisi, imebaki kwa uwiano zaidi ya mara mia ya wetu. Bila maji hakuna wa kuokota hewa ukaa inayotoka kwenye volkano, ikarundikana tu. Mirihi lilitokea jingine. Ni ndogo, tumbo lake lilipoa mapema, kinga yake ya sumaku ikazimika, na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka juani kwa kasi, ukaikwangua hewa yake. Mito mikavu na delta ya Jezero, ambako gari la Perseverance lilitua Februari 2021, ni ushahidi kwamba zamani ilikuwa na blanketi nene lililoruhusu maji kutiririka.

Mwanafunzi atakuuliza tu: asilimia 0.04, hata ukiieleza vipi, si ni kitu kidogo mno? Mweleze kwamba asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, ambazo miale ya joto inapita kama dirisha lililo wazi. John Tyndall alilipima hilo Uingereza mwaka 1859. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1856, Mmarekani Eunice Foote aliweka juani mitungi ya kioo yenye gesi mbalimbali, akaona ule wa hewa ukaa unapata joto kuliko mingine na unachelewa kupoa, akaandika kwamba angahewa ya gesi hiyo ingeipa Dunia joto kubwa. Ukiziondoa gesi zisizohusika, hewa ukaa si kidogo tena.

Na je, kama mwale unamezwa ndani ya mita chache, kuongeza nyingine kunabadilisha nini? Hoja hiyo ilitolewa na mwanafizikia wa Uswidi, Knut Ångström, mwaka 1900, na bado inazunguka. Ina kosa moja: inatazama chini, wakati mlango uko juu. Ukiongeza hewa ukaa, mlango unapanda, unakuta hewa ya baridi zaidi, joto linalotoka linapungua, na Dunia inapata moto mpaka mizani ikae sawa. Kweli nguvu yake inapungua kadiri unavyoongeza, kila kuzidisha mara mbili kunaleta kiasi kilekile: karibu wati 4 kwa mita ya mraba, na hatimaye nyuzi 3 hivi za joto, kati ya 2 na nusu na 4. Kabla ya viwanda tulikuwa na molekuli 280 katika kila milioni. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 zilikuwa 315. Sasa zimepita 420, na Dunia imeshapanda zaidi ya nyuzi 1. Kuwa Zuhura hatutakuwa, hata tukichoma makaa na mafuta yote, kwa kuwa kaboni yetu nyingi imefungwa kwenye chokaa. Lakini mkulima wa Isimani hahitaji kufika nyuzi 464 ndipo mahindi yake yakauke. Nyuzi mbili tatu zinatosha.

Jambo la mwisho, la darasani. Kuna jaribio la chupa mbili za soda chini ya taa, moja ikiwa na hewa ukaa. Usilitumie. Tofauti inayoonekana pale inatokana zaidi na uzito wa gesi na jinsi inavyosafirisha joto, wala si na mlango wa joto. Badala yake wape wanafunzi kipimajoto kimoja, wakitundike nje ya bweni mita moja na nusu kutoka ardhini, mwezi wa sita. Wakisome saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kwa wiki tatu, na pembeni waandike kama kulikuwa na nyota au mawingu. Halafu siku ya kuleta majibu, weka ganda la yai kwenye glasi, mimina siki juu yake, waache waangalie mapovu. Huyo aliyeuliza swali mwite mbele, umwambie mapovu yale yameundwa na gesi gani, na ilikuwa imefungwa kwenye nini.